Betri ya volti 48 kwenye baiskeli ya volti 36: pima kwanza kabla ya kununua

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Nina baiskeli ya umeme, mtumba kutoka Ulaya. Mota iko gurudumu la nyuma, imeandikwa wati 250. Betri ni ya lithiamu, volti 36, ampea-saa 10, na imeshapita miaka mitatu. Nasambaza mikate na mayai kutoka Moshi mjini hadi maduka ya Kibosho, mzigo kama kilo 25. Zamani ilikuwa inanifikisha vizuri tu. Siku hizi nikiwa katikati ya mlima inakata ghafla. Nikiizima nikaiwasha tena inakwenda kidogo, halafu inakata tena. Fundi mmoja kaniambia niweke betri ya volti 48, itapata nguvu. Mwingine anasema hiyo ni gharama ya bure, niunge tu betri ya pikipiki ya volti 12 kwenye hii niliyonayo, jumla 48. Nimsikilize yupi? Na kontrola haitaungua?

Jibu

Dada, nianze na hilo la betri ya pikipiki kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea moto ndani ya nyumba: usikubali, hata kama fundi atakufanyia bure. Sababu zake nitazieleza huko mbele. Hili la volti 48 linawezekana na watu wengi wamelifanya vizuri, lakini kwa dalili ulizonieleza sidhani kama ndilo tatizo lako. Kwa maoni yangu hujakosa volti 48. Umekosa hata zile 36 ulizonazo.

Angalia jinsi inavyokata. Haipungui nguvu taratibu, inakata mara moja, na ukiiwasha inarudi kwa muda mfupi. Mota iliyoungua haifanyi hivyo, na waya uliolegea ungekata hata kwenye tambarare ukipita shimo. Hapa kinachokata ni ulinzi. Kuna ulinzi wa aina mbili kwenye baiskeli yako. Kontrola, kile kiboksi kinachoipimia mota umeme wa betri, ikiwa ya volti 36 huacha kuvuta umeme volti zikishuka hadi kama 31. Na ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, ambayo hukata kundi lolote la seli likishuka chini ya kiwango chake, kwa kawaida kwenye volti 2.8 hivi. Mzigo ukiondoka, volti hupanda tena zenyewe, ndiyo maana ukiwasha inakubali. Ukianza kuvuta tena mlimani, zinashuka, inakata.

Kwa nini zishuke kiasi hicho? Betri yako ina makundi 10 ya seli kwa mfululizo. Kila kundi likijaa lina volti 4.2, jumla 42. Kwa ampea-saa 10 huenda kila kundi lina seli nne zilizofungwa sambamba, yaani seli 40 kwa jumla, vile viduara vya unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli mpya nzuri ina ukinzani mdogo wa ndani, tuseme miliomu 40. Ukiunganisha zote 40, betri nzima inakuwa na miliomu 100, na kontrola ikivuta ampea 15 unapoteza volti 1.5 tu. Seli iliyozeeka inaweza kufika miliomu 100 au zaidi. Hapo betri nzima ina miliomu 250, na kwa ampea zilezile 15 unapoteza karibu volti 4 ndani ya betri kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri ikiwa imeshuka hadi volti 35 katikati ya safari, toa hizo 4, umeshagusa kikomo. Na likiwepo kundi moja tu lililochoka kuliko mengine, hilo moja linatosha kuzima betri yote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, naomba upime mambo matatu. Multimita ya kawaida, kile kifaa cha fundi cha kupimia volti, inatosha.

Chaji hadi taa ya chaja igeuke kijani, chomoa, subiri saa moja, kisha pima betri. Ikisoma kati ya 41 na 42, chaja inafanya kazi na seli zinajaa. Ikisoma 39 au chini ya hapo, kuna kundi halijai, au chaja yenyewe ina tatizo.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi. Mwombe fundi aunge nyaya mbili nyembamba, zenye fyuzi ndogo, mahali betri inapokutana na kontrola, kisha afunge multimita kwenye usukani. Kama skrini yako inaweza kuonyesha volti badala ya vile vijiti vya chaji, ni rahisi zaidi. Panda na mzigo wako wa kawaida na utazame namba kabla ya kuvuta na wakati wa kuvuta. Ikishuka volti moja hadi mbili, betri bado ina afya. Ikishuka nne, tano, sita, umeshapata jibu, na betri ya volti 48 haihusiki.

Cha tatu kinahitaji fundi anayejua anachofanya, kwa sababu betri itafunguliwa: apime kila kundi moja moja. Yote 10 yanatakiwa yalingane hadi sehemu ndogo sana ya volti. Tisa yakisoma 3.7 na moja likasoma 3.2, hilo ndilo linalokukwamisha. Avue pete na saa kwanza, na bisibisi ndefu isilale juu ya betri iliyo wazi. Betri hii ikipigwa shoti inatoa mkondo mkubwa wa kuyeyusha chuma.

Sasa tazama mlima wenyewe, maana namba zake zinaeleza mengi. Chukua wewe, baiskeli na mzigo, tuseme kilo 125. Kama safari inapanda mita 500 kwa jumla, kuinua uzito huo kunahitaji wati-saa 170 zifike kwenye gurudumu. Mota ndogo inayopanda taratibu hupoteza sehemu kubwa kama joto. Tukiipa asilimia 70 ya ufanisi, betri inatakiwa itoe kama 240. Ongeza msuguano wa matairi na upepo, unakaribia 300 usipokanyaga pedeli kabisa. Betri yako ilipokuwa mpya ilikuwa na 36 mara 10, yaani wati-saa 360. Ilitosha, na ziada ilibaki. Ikiwa imepoteza theluthi ya uwezo kwa umri, jambo la kawaida kabisa kwa betri inayofanya kazi ya mzigo, imebaki na 240 hivi. Hesabu haifiki juu. Ndiyo maana zamani ilikufikisha na sasa haikufikishi, ilhali mlima haujabadilika.

Kwa hali hiyo, kama vipimo vitathibitisha ninachoshuku, kitakachokusaidia kwa gharama ndogo kuliko vyote ni betri mpya ya volti 36 ileile, yenye ampea-saa 15 au zaidi na bodi ya ulinzi inayohimili angalau ampea 25 mfululizo. Hapo unapata wati-saa 540. Kontrola, chaja, skrini na taa vinabaki vilevile. Na kwa kuwa seli ni nyingi zaidi, kila moja inafanya kazi kidogo, volti hazianguki, na betri inadumu. Hata hiyo nguvu unayoitafuta, sehemu yake itarudi hapohapo, kwa sababu mota itapata volti 38 pale ilipokuwa inapata 32.

Lakini umeuliza kuhusu 48, na huenda bado ukaitaka. Nikueleze inavyokuwa kweli.

Betri inayoitwa ya volti 48 ina makundi 13, na ikijaa inasoma 54.6. Hii namba 54.6 ndiyo inayoua kontrola, si ile 48 ya kwenye kibandiko. Fungua kontrola yako, kile kiboksi cha alumini chenye skrubu kila upande, utaona ndani kapasita moja au mbili kubwa, mfano wa mitungi midogo. Ubavuni imeandikwa volti inazohimili. Kontrola nyingi za volti 36 zina kapasita za volti 50. Ukiipa 54.6 inaweza kukubali leo na kesho, kisha siku moja ikavimba na kupasuka. Ukikuta 63, kapasita itahimili. Bado tazama zile transista, yaani swichi za umeme, zilizobanwa kwenye alumini: namba zilizoandikwa juu yake humwambia fundi mwenye karatasi za kiwanda kama zinahimili volti 60 au 75. Za 60 ziko karibu mno na hatari, kwa sababu kila kontrola inapokata na kuunga mkondo, volti huruka juu kwa muda mfupi sana kupita zile za betri. Zipo kontrola zilizoandikwa wazi kuwa ni za 36 na 48 kwa pamoja. Hizo hazina tatizo. Na usishawishike na betri ya volti 52: ikijaa inafika 58.8, na hapo hata kapasita ya 63 inabaki na nafasi finyu.

Hata kontrola ikihimili, kikomo chake cha chini kinabaki palepale kwenye 31. Kwa betri ya makundi 13, volti 31 ni sawa na 2.4 kwa kila kundi, kiwango cha kuharibu seli. Ulinzi wote utakuwa umebaki kwa bodi ya ndani ya betri, bila msaidizi. Skrini nayo itakudanganya kuwa betri imejaa hadi dakika inapozima, kwa sababu inasoma volti kwa kipimo cha 36. Taa ya mbele, kama inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri na imeandikwa 36, inaweza kuungua.

Kuhusu nguvu yenyewe, hapa ndipo watu wengi wanapochanganywa. Volti huongeza kasi ya juu ya mota: 54.6 ukigawa kwa 42 unapata 1.3, kwa hiyo mota isiyo na mzigo itazunguka haraka zaidi kwa asilimia 30. Lakini baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya zimefungwa kwa programu zisisaidie kupita kilomita 25 kwa saa, kwa kuwa ndiyo sheria ya huko. Kama yako ni hivyo, hutaiona hiyo kasi hata ukiweka betri gani. Kinachosukuma mlimani ni mkondo, yaani ampea. Ukibaki na kontrola ya ampea 15, betri ya 36 inaipa wati 540 na ya 48 inaipa 720. Usishangae kwamba zote zinazidi ile 250 iliyoandikwa kwenye mota. Ile ni nguvu inayoweza kuitoa mfululizo bila kuungua, na mlimani inavutishwa zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Kwa hiyo ndiyo, utasikia tofauti mlimani. Ila kwa mota inayojivuta kwa kasi ya kutembea kwa miguu, sehemu kubwa ya hiyo ziada inageuka joto badala ya msukumo.

Na joto ndilo adui wa mota yako. Kama ni ile ndogo inayozunguka kimya, yenye gia ndani, gia hizo mara nyingi ni za nailoni. Zikipata moto huku zikivutishwa, meno hulainika na kukatika. Mota ya kwenye gurudumu haina gia za kubadilisha, ni sawa na bodaboda kupanda mlima kwa gia ya nne tu. Ukifika juu, weka kiganja kwenye kasha la mota. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde chache, ndani ni moto zaidi ya unavyohisi, na hiyo ni kwa betri uliyonayo sasa. Kuongeza theluthi ya nguvu juu ya hapo ni kuiua. Baada ya kubadilisha betri, tumia miguu mapema. Mtu anayekanyaga kwa utulivu anachangia kama wati 100, na mchango huo una thamani kubwa kwa mota ndogo. Baiskeli inayofaa hasa kazi yako ni ile yenye mota katikati, kwenye pedeli, inayotumia gia za cheni. Siku ukibadilisha baiskeli nzima, tafuta hiyo. (Wenye baiskeli za Bosch au Shimano wasijaribu habari hii ya volti kabisa. Mifumo hiyo ni ya volti 36, na betri huzungumza na mota kwa ishara zake. Betri ya kigeni haikubaliki.)

Ukiamua kwenda 48 kweli, nenda kwa seti nzima: betri ya makundi 13, kontrola ya volti 48 yenye kikomo cha chini cha kati ya 39 na 42, skrini inayoelewana na hiyo kontrola, na chaja ya 54.6. Kwa mota yako chagua kontrola ya ampea 12 badala ya 18. Nyaya za mota hazisumbuliwi na hizo volti, zinasumbuliwa na ampea. Weka pia kile chuma kinachoshika ekseli isizunguke. Ekseli ya mota imekatwa bapa pande mbili na inakaa kwenye nafasi ya milimita 10 tu ya fremu. Nguvu ikizidi, ekseli inaweza kupanua nafasi hiyo, ikazunguka na kukata waya zote za mota kwa mpigo. Fremu ya alumini ndiyo hupasuka haraka zaidi. Kagua na breki, kwani kutoka kilomita 25 hadi 33 kwa saa, nguvu zinazotakiwa kuzimwa na breki zinaongezeka karibu mara 1.7, na wewe unarudi kwa mteremko mrefu.

Sasa ile betri ya pikipiki. Betri ya pikipiki ni ya asidi, imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na nyingi zina ampea-saa 5 hadi 7. Ukiifunga kwa mfululizo na yako, ampea zilezile 15 zinapita kwenye zote mbili. Ya pikipiki itaisha kwanza, na nyingine itaendelea kusukuma mkondo kupitia ndani yake hadi igeuke chanya kuwa hasi. Hilo ni la kuiharibu hiyo ndogo tu. Baya zaidi ni hili: bodi ya ulinzi ya betri yako imetengenezwa kukata umeme wa volti zisizozidi 42. Siku itakapohitaji kukata, itakutana na volti zote za betri mbili kwa pamoja. Transista zake zikishindwa, mara nyingi hushindwa kwa kujifunga, yaani zinabaki zimeunganisha. Kuanzia hapo una betri ya lithiamu isiyo na ulinzi wowote, na hutajua, kwa sababu baiskeli itaendelea kutembea kama kawaida. Siku moja utaichaji usiku. Mjini New York mwaka 2023 kulikuwa na mioto 268 ya betri za lithiamu, watu 18 wakafa, na betri zilizochezewa pamoja na chaja zisizolingana ni miongoni mwa visababishi vinavyotajwa mara kwa mara. Fundi wako huenda ana nia njema kabisa. Mwambie hapana kwa heshima.

Ukienda kununua betri, beba mizani. Seli moja ya 18650, yaani vile viduara vya milimita 18 kwa 65 nilivyovitaja, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na bora kabisa ina ampea-saa 3.5 hivi. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 15 inahitaji angalau seli 50, kwa hiyo seli peke yake zina zaidi ya kilo 2, bado kasha na bodi. Akikuletea betri iliyoandikwa hivyo ikiwa na kilo moja na nusu, maandishi ni ya uongo. Seli iliyoandikwa ampea-saa 6 au 9 kwa umbo hilo dogo ni ya uongo pia. Betri iliyofungwa kwa seli kuukuu za kompyuta mpakato iache, hata bei ikipendeza. Seli zile hazikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa, na mlima wa Kibosho utazichosha upesi.

Chaja nayo iangalie kwa macho yako. Ya volti 36 imeandikwa 42 upande wa kutolea umeme, ya volti 48 imeandikwa 54.6. Plagi zinaweza kufanana kabisa. Ile ya 42 kwenye betri ya 48 haitaijaza, basi. Ile ya 54.6 kwenye betri ya 36 inasubiri bodi ya ulinzi iokoe nyumba. Ukihamia 48, chaja ya zamani iondoke nyumbani pamoja na betri yake, na mtoto au msaidizi wa kazi asiachiwe kuchomeka. Chaji mchana ukiwepo, sakafuni penye saruji, mbali na mlango wa kutokea, na betri iwe imepoa baada ya safari.

Ukishapima, niandikie volti za betri iliyojaa, volti ulizoziona ukiwa unavuta mlimani, na maneno yote yaliyo kwenye kibandiko cha kontrola. Kwa hizo nitakuambia betri gani hasa ununue, na kama hii ya zamani inaweza kuokolewa kwa kubadilisha kundi moja au la.